Mama Yako Iko mu Nyumba ya Manjanja Tatu

Égide,

Uone kwanza: nimeandika jina yako ya kweli. Mukono ilisita, juu miaka yote hii ilizoea kuandika ile ingine. Égide. Nduwimana Égide, wa Kirundo, Burundi. Nimeandika mara mbili ili nihakikishe kama haitaniunguza.

Nitaanza na habari kubwa, juu ni zambi kukuzungusha. Mama yako hakukufa. Iko. Anapumua, anatembea, anapika sombe mingi kuliko tumbo yake, na analala mu nyumba yetu, pale pembeni ya dirisha fasi ulikuwaka unalala. Mi siko naishi mule tena. Nalala mu chumba ya nyuma ya kanisa ya pasteri, katikati ya viti vya plastiki, na hii barua niko naiandikia juu ya kiti kimoja huku nimekalia kingine.

Najua kama ungekuwa hapa ungeshanikamata shingo. Mama iko, na we Fiston unaniandikia mambo ya viti? Ngoja, ndugu. Unanijua, siwezi kufika mahali bila kuzunguka Kadutu muzima. Na hii, nisipoianzia mwanzoni, nitajipatia haki ambayo sina.

Unakumbuka ile hangari ya bantu bapya, hapa kambini Dzaleka? Mi na Trésor tulikuwa tumefika na mufuko moja, siye babili, batoto ba tumbo moja, ba Bukavu, na aibu ya kuomba sahani. We ulikuwa kule kwenye kona peke yako na beseni ya bluu ya muntu mwingine. Siku mbili nzima ulikuwa unapiga ile beseni na vidole, polepole, bila kuangalia muntu. Bamama bakakufokea, ukaacha, ukaanza tena. Sikujua jina yako. Nilijua mikono tu.

Bakasema benye familia njo bapate nyumba, vijana ba peke yao babaki kwanza mu hangari. Yule bibi wa kuandika akauliza muko bangapi. Trésor akafungua mudomo aseme babili, mi nikasema batatu. Hivyo tu. Hakuna aliyenituma. Mukubwa wetu, Olivier, alikufa akingali ananyonya, jina yake ilikuwa inakaa bure, nikakuvalisha. Ulipoitwa Mugisho Olivier uligeuka ukaniangalia na macho ya kuku, kisha ukaitika. Banasemaka njia ya mwongo ni fupi. Ya kwetu ilikuwa ndefu, Égide. Tuliishi ndani yake.

Na nyumba bakatupa kweli. Matofali ya udongo, mulango usiofunga vizuri, na manjanja tatu juu ya sebule. Bamalawi balikuwa banatuuliza manjanja ni nini. Mabati, achimwene, mabati! Tatu tu, fasi ingine yote ni majani na plastiki. Jirani bakatuita hivyo hivyo, bale ba manjanja tatu. Mvua ya kwanza ilipoanguka hatukusikilizana ata kwa kupiga kelele. Trésor alikuwa anatafuta sufuria ya kukinga maji. We ukachukua miti miwili ya kuni, ukageuza kopo ya mafuta ya msaada, ukaanza kuijibu ile mvua. Ilipozidisha, ukazidisha. Ilipopunguza, ukangojea. Mi nilisimama pale miguu ndani ya maji, nikasema moyoni, huyu muntu hatoki mu nyumba hii.

Bantu banafikiri bandi yetu ilichagua roki. Wee! Siye tulitaka rumba, sawa Mukongomani yeyote mwenye akili timamu. Ampli njo ilikataa. Ile gitare tuliipata soko ya Biwi, kule Lilongwe, ikiwa na nyuzi tano, na fundi wa redio wa pale akatuungia ampli ndani ya redio kaseti ya zamani, spika yake ilikuwa imepasuka katikati. Nikapiga rumba, ikatoka makelele ya muntu anayegombana na bibi yake. Trésor akataka turudishe. We ukaruka: "Acha! Iache vile vile, imekasirika vizuri." Toka ile siku tukaanza kuimba hasira, na kusema kweli hatukuikosa.

Na mazoezi yetu, jua kali saa nane! Juu umeme ilikuwa ya ile panneau ndogo ya jua, betri ikichoka wimbo inakatika katikati ya neno. Pasteri alikuja kutukemea juu ya muziki ya mashetani. Akasimama mulangoni mpaka wimbo ikaisha, kisha njo akakemea. Na kiatu yake ilikuwa inafuata bateri yako, zile ngoma zako, niliiona, ata akatae mbele ya Mungu.

Lakini kulikuwa na ile kazi ingine, ya kukufundisha Bukavu. Kila jioni kabla ya kula. Toka Essence mpaka Kadutu unapita wapi? Mama yenu alikuwa anauza nini? Samaki sambaza, alikuwa anakaa upande gani wa soko? Ukikosa, unaosha sahani. Mwishoni ulijua Bukavu kuliko Trésor, ukaanza kumusahihisha, muntu wa Kirundo anamusahihisha Mushi wa Bukavu juu ya mutaa yake mwenyewe! Tulicheka mpaka machozi. Na siku ya mahojiano ya kwanza ya dosie yetu, ile ya kutupeleka inchi ingine, bakakuuliza juu ya mama, ukalia. Ulimulilia mama yetu kuliko siye batoto bake. Mi nilijua kwa nini. Bantu ba kwenu balikuambia njiani kama wako alikufa, hukuona kaburi, hukuketi matanga. Ulikuwa unamulilia wako kwa jina ya wetu, na yule bwana aliyekuwa anaandika akakupa kitambaa.

Kwenye karatasi, ku kisanduku ya jina ya mama, bakaandika: marehemu. Ikakaa hivyo.

Siku ulipokwenda sitaki kuielezea mingi, ulikuwepo. Homa siku ine, ya ine ikapanda kichwani. Ulianza kuongea Kirundi mbele ya bantu, na mi, nisamehe, nikakufunika mudomo na mukono yangu. Ulikuwa unawaka moto, na mi niko naogopa dosie. Hiyo sijamuambia muntu yeyote mpaka leo.

Kisha pasteri akaja na ubao wa musalaba, akaniuliza aandike nani. Nikasema Mugisho Olivier. Nilisema haraka, sawa muntu anayeagiza chai. Bakaandika. Bantu bote balikuita hivyo wakikulilia, na mi nikalia pamoja nao kwa hiyo jina.

Baada ya pale Trésor hakuweza kukaa. Alihamia Area 18, Lilongwe, anapiga bass mu maharusi ya bantu, amevaa shati nyeupe, anachekesha bageni. Nikabaki mi na nyumba. Unajua nyumba ya bantu batatu ikibaki na mumoja inakuwaje? Unapika nsima, ile ugali ya huku, unapika ya batatu, mukono haijui kupunguza. Nilijaribu gitare siku mbili tatu. Kila nikifika pale fasi unaingiaka, nilinyamaza nikungojee. Nikaifunika na blanketi. Bandi ilikufa hivyo, bila muntu kusema imekufa.

Sasa mama.

Alikuja musimu wa mahindi mabichi, muchana, na kitenge cha bluu na raba za kiume. Mwanamuke mufupi, Égide, mufupi kweli, na mikono ile ile. Niliona mikono kabla ya uso. Alikuwa ametoka mu kambi ya Tanzania. Kule muntu alimuonyesha video ya simu, siye batatu tukipiga kwenye kiwanja cha mpira. Akauza alichokuwa nacho akapanda magari mpaka huku. Wiki tatu alikuwa anazunguka kambi yote akiuliza Égide, na hakuna aliyemujua Égide, bangemujua wapi? Mwishoni akaonyesha ile video, bakamuambia: huyu ni Olivier, kaka ya Fiston, alishakufa, enda pale kwa manjanja tatu.

Alikuwa ameshapitia makaburini. Aliona musalaba. Na ule musalaba, badala ya kumuvunja, ulimupa nguvu, juu jina haikuwa ya mwana wake. Mulangoni kwangu aliuliza kintu kimoja tu, na Kiswahili ya kuokota okota: "Huyu wa bateri, ni umwana wanje, ao ni wenu?"

Dosie yetu, ya mi na Trésor, ilikuwa imefika mwisho. Ilibaki mahojiano moja, kisha daktari, kisha ndege. Miaka yote ya kungojea, ilibaki moja. Nikisema ni wako, mama, basi siye ni bawongo, na yote inaanguka.

Nikasema: "Hapana, mama. Ule ni mukubwa wetu. Tulizaliwa naye."

Angalau angelia. Hakulia. Alinyanyua mikono, akasema "Imana ishimwe," Mungu asifiwe, akacheka, akanishika kichwa na mikono yote miwili. Kisha akanipa pole. Mama yako, Égide, alisimama mu nyumba yako, akaniombea juu ya kaka yangu aliyekufa. Akatoka anatembea haraka sawa kijana, juu mwana wake alikuwa muzima mahali fulani na alikuwa anamuchelewesha.

Nilimupigia Trésor. Akasema: "Umefanya vizuri. Fiston, kumbuka ni Canada." Tukakata. Sikulala vizuri, lakini nililala.

Aliyeniua ni mama yako mwenyewe, juu alinifanya rafiki. Kila akipita karibu anaingia kunipa ripoti. Kuko Égide mumoja Mponela anatengeneza baiskeli, anaenda kumuona. Alikuwa muntu mwingine, muzee wa meno mawili. Kuko mwingine Dowa, mwalimu. Hapana, ule anaitwa Elie. Aliuliza bale ba kabaza, baiskeli za kubeba bantu, ku barabara kubwa, aliuliza makanisa. Na kila akija ananiletea viazi vitamu, juu nimekonda, juu nimepoteza kaka. Nilikula, ndugu yangu. Niliosha sahani yake nikamurudishia na asante.

Siku moja nilikuwa Lilongwe, nimeenda kwa Trésor turudilie majibu ya mahojiano, tarehe ya kuzaliwa ya huyu, ya yule. Nikapitia Biwi kununua nyuzi, sijui nilitaka nyuzi za nini. Nikasikia ananiita kwa nguvu: "Fisito! Fisito!" Alikuwa kwenye marundo ya nguo za mitumba. Amekamata shati ya mikono mirefu, kijani, safi. Akaniambia siku atamupata mwana wake, hawezi kumukuta na mikono mitupu. Hajui ukubwa yake ya sasa, alimuacha kijana. Lakini ule kijana wa bateri mu video anafanana naye, na mi na ule kijana tuko mwili sawa, na Mungu anapenda kufananisha. Geuka, akasema, nipime.

Nikageuka. Aliweka ile shati mu mugongo yangu, akaivuta bega hili, akaivuta bega lile, akalainisha na kiganja. Polepole, sawa alikuwa na siku yote. Mi niko naangalia muuza viatu mbele yangu, na muuza viatu ananiangalia, ajabu, juu nilikuwa nalia wazi.

Nilisema nikiwa vile vile, nimemupa mugongo. Sikuwa na moyo wa kumuangalia. Nikasema: "Mama, usiinunue. Ule wa musalaba njo ye. Ni Égide. Mi njo nilimupa ile jina. Nilikudanganya juu ya karatasi zangu."

Kiganja ilibaki mu mugongo. Haikutoka, haikusukuma. Kisha nikasikia anakunja shati. Aliikunja vizuri, akairudisha juu ya rundo, akamuambia muuzaji "zikomo," asante. Alipokuja mbele yangu aliuliza kintu kimoja: "Alisumbuka?"

Nikasema ndiyo, mama, siku ine.

Tulirudi naye Dzaleka mu gari ya bantu. Alikaa dirishani. Kila tulipopita kituo bantu banapanda na makuku na magunia, na ye anasogeza miguu, anapisha bantu, anasema samahani.

Kesho yake nilienda ku ofisi ya dosie mwenyewe. Nilimuambia yule dada wa meza mambo yote, toka hangari. Aliandika mingi, akaniuliza kama najua maana ya ninachosema. Nikasema najua. Akaniambia ngojea. Ninangojea. Trésor alikuja mara moja, akasimama mulangoni na shati yake nyeupe ya maharusi, akasema: "Umeniua na mi pia, we ulijisikia vizuri." Na iko na haki, Égide. Dosie ilikuwa ya babili na niliamua peke yangu, mara ya kwanza na mara ya mwisho. Nikimupigia simu hachukui. Sina kaka wa karatasi wala wa tumbo kwa sasa.

Musalaba tulibadilisha. Seremala wa Kirundi alichonga, hakupaka rangi, alichimba jina ndani ya muti. Matanga iliketiwa mu nyumba yetu siku tatu. Bamama ba Burundi bakaja, bamama ba Kongo bakaja, pasteri akaleta kuni. Bantu baliniangalia, hakuna aliyenitukana, ingekuwa afadhali. Mi nilikaa inje upande wa jikoni, nachota maji. Nilikulilia kwa jina yako, mara ya kwanza.

Ilipoisha nilimupigia magoti. Nikamuambia: mama, mi sina mama, we huna mutoto, uniache nikuwe wako. Nilikuwa nimepanga hiyo maneno siku tatu, niliona ni nzuri. Aliniangalia bila hasira. Akasema: "Niko na mutoto mumoja. Alikufa. We ni Fiston." Kisha akaomba kama anaweza kukaa mu nyumba. Nikatoa mufuko yangu na gitare jioni ile ile. Bateri yako niliiacha, ni yake. Anafuta vumbi kila asubuhi, hapigi.

Sasa kila siku ya Mungu, baada ya ibada, naenda. Siingii. Anakaa ku kizingiti, mi nakaa juu ya jiwe, anasema: "Niambie kimoja." Kimoja tu ya ile miaka yeye hakukuona. Nimemuambia vile ulikuwaka unaogopa vyura, muntu muzima unaruka juu ya kitanda. Nimemuambia kama ulikuwa unatia sukari ndani ya nsima na Bamalawi bakashika vichwa. Kama mbele ya kila wimbo ulihesabu kwa Kirundi, chini chini, rimwe, kabiri, gatatu, kane, na Trésor anakupiga kiwiko, utatufungisha! Hapo alicheka kidogo. Anasikiliza na macho chini, halafu anasema: "Basi. Enda." Naenda. Ni dakika ngapi? Kumi. Wiki nzima mi niko naishi kwa hizo kumi.

Lakini juma iliyopita nilikaa pale na hakuna kilichokuja. Kichwa tupu. Naogopa akisema hakuna kitu mulango itafungwa, na mi nitabaki na viti vya pasteri. Nikaanza: kila wimbo, mama, mbele ya bantu, alikuwa anakutaja wewe kwa jina... Na nikaona uso yake inafunguka. Égide, inafunguka sawa ile siku ya kwanza mulangoni, ile ile. Nikanyamaza katikati. Nikasema: "Hapana, mama. Hiyo nimetunga. Hakuwahi kukutaja. Ilimuuma sana kukutaja."

Aliangalia kivuli ya nyumba mpaka ikafika ku miguu yangu. Kisha akasema: "Hiyo ya mwisho ni ya kweli?" Nikasema ndiyo. Akasema: "Basi. Njo hiyo ya leo. Enda."

Lala, rafiki yangu. Sikuombi unisamehe, utanisamehe haraka mno, nakujua. Nakuahidi hii tu. Bya kweli byote nitamupelekea, kimoja kimoja, ata ile ya mukono yangu juu ya mudomo yako, hiyo pia ni yake. Na siku bitaisha, nitasimama pale nimuambie, mama, bimeisha. Sitaongeza ata kimoja.

Ni mi, Fiston, ambaye hatukuzaliwa tumbo moja.